Baba aliahidi sinema Dar. Nilipe mimi, niseme katuma yeye?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapahapa Tanga, kazi yangu ni vitumbua na chai ya asubuhi. Jambo langu linahusu filamu. Ukitaka kucheka cheka, ila usome mpaka chini.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la sita. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, anapita Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Tangu mtoto akiwa mdogo wana mambo yao wawili: baba akirudi safari lazima apitie kwa vijana wanaoingiza muvi kwenye flashi, na usiku huo mimi tamthilia yangu nimeikosa. Ndivyo walivyoiona ile ya kwanza ya Spider-Man wa katuni, yule kijana mweusi wa Brooklyn anayeitwa Miles Morales. Ilikuwa imetafsiriwa na DJ, na ma-DJ mnawajua, wanatafsiri na kuongeza ya kwao. Mwanangu akaishika yote kichwani. Mpaka leo watoto wa mtaani wanamwita Mailzi, na ukimwita kwa jina nililompa mimi hageuki upesi.

Mwaka 2023 baba akaja na ya pili. Tukakaa wote chini kwenye mkeka, hata mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya. Filamu inanoga, inanoga, mara Miles kafungwa kwenye gunia la ngumi, wenzake ndio kwanza wanaanza kumtafuta, yakatokea maandishi, ikaisha. Mtoto akaangua kilio, akidhani flashi imekata. Baba yake naye akajua kapigwa, kauziwa nusu. Akatoka na kandambili usiku ule kwenda kugombana na kijana wa watu. Kijana akaapa kwa Mungu kwamba ndivyo ilivyo dunia nzima, imeishia hapo, ya tatu inakuja. Mume wangu akarudi anacheka peke yake, akamnyanyua mtoto juu juu, akamwambia: "Ya tatu hatuitazami kwenye flashi. Mimi na wewe, tunapanda basi, Dar, sinema kubwa."

Shangazi, hayo maneno hayajatoka kwenye kichwa cha mtoto mpaka leo.

Aliambiwa ya tatu ni Machi 2024. Akachukua kalenda ya duka la dawa, akachora buibui kwenye mwezi wa tatu. Machi ikaja ikapita. Akalia, baba yake akamwambia kwa simu, "Wamesogeza, mwanangu." Sasa kaka wa rafiki yake kamwambia ni Juni 2027, na nyumba yangu imerudi kuwa kama ya harusi. Amekata boksi la sabuni akatengeneza uso wa Spider-Man, akaupaka masizi na makaa ya jiko langu, mistari myekundu kachora kwa kalamu ya mwalimu ambayo sikuuliza aliipataje. Usiku taa ikishazimwa ndipo anapoanza kunieleza Miles atatoka vipi kwenye yale mafundo. Kila usiku anatoka kwa namna nyingine. Mdogo wake analala, mimi nalala, yeye bado anaeleza.

Furaha yake hainisumbui. Kinachonisumbua ni baba yake. Zamani alikuwa anakuja kila baada ya miezi michache. Mwaka jana tulimwona Idd tu, siku mbili akaondoka. Pesa anatuma kwa kusuasua, na watu wana maneno yao kuhusu Tunduma. Mtoto akipewa simu swali lake ni moja: "Baba, umekumbuka?" Anajibiwa, "Nimekumbuka, tutaona." Mimi nimeishi na huyu mwanaume miaka 13, hiyo tutaona yake naijua.

Niko kwenye kikoba na mgao wangu utatosha. Nimepiga hesabu ya nauli za watu wawili kwenda na kurudi, tiketi, chakula na daladala, kama laki na nusu, malazi kwa wifi yangu Kimara. Nimewaza nimpeleke mwenyewe, ila nimwambie kwamba pesa katuma baba, kazuiwa na kazi tu. Mtoto abaki na baba yake moyoni. Je, nitakuwa nimekosea?

Na kuna mengine. Mama mkwe anasema mtoto wa darasa la saba hapelekwi kwenye katuni, mwakani ana mtihani, na huku kurudia filamu moja kila siku si akili ya kawaida. Jirani yangu ana kibanda umiza, yeye ananicheka: anasema wiki ileile atakuwa nayo, mtoto ataiona kwa mia tano, laki na nusu ya nini? Nisaidie.

Mama Mailzi, Makorora

*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimesoma mpaka chini na nimecheka sehemu moja tu, pale pa kandambili. Mwanaume anayetoka usiku kwenda kudai nusu ya pili ya filamu kwa sababu mwanawe analia, huyo si mtu asiyejali. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu huko mbele nitakuwa mkali kwake kidogo.

Kwanza nikuulize. Hiyo filamu umewahi kuitazama kwa makini? Nina shaka, maana umenieleza kalenda, boksi na makaa, lakini hukunieleza Miles alikuwa anakimbilia wapi kabla ya kufungwa. Nami nadhani jibu la barua yako limo humo.

Katika hiyo ya pili Miles anaambiwa kwamba baba yake atakufa. Baba ni askari polisi anayekaribia kupandishwa cheo kuwa kapteni, na ma-Spider-Man wa dunia nyingine wanamweleza kwamba kila mmoja wao lazima ampoteze kapteni wa polisi aliye karibu naye, ndivyo ilivyoandikwa, na ukizuia unaharibu ulimwengu mzima. Wenzake wamekubali. Mtoto huyu anakataa. Anawakimbia wote, mamia yao, anaingia kwenye mashine ya kumrudisha nyumbani akamwahi baba yake. Kumbe mashine inafuata asili ya yule buibui aliyemuuma, na buibui hakutoka kwao. Inampeleka dunia siyo, ambako baba yake alishafariki. Huko ndiko alikofungwa kwenye gunia la ngumi. Na huko ndiko mwanao amemwacha, akiwa na miaka 8.

Sisemi mtoto analijua hilo. Watoto hawakai wakapanga mambo namna hiyo, wanapenda kuruka na rangi. Lakini usishangae kwamba filamu inayomuweka macho usiku ni ya kijana anayehangaika kumfikia baba, na kwamba kila usiku anatafuta njia nyingine ya kumtoa. Usimwambie kwamba umelijua. Akieleza tena usiku, kaa macho dakika chache, muulize, "Akishatoka, atamwahi baba yake?" Kisha umsikilize.

Sasa swali lako. Mpeleke. Lakini usiseme katuma baba.

Nia yako naielewa, ni ya mama. Tatizo ni kesho yake. Mtoto atashika simu amshukuru baba: "Asante baba kwa sinema." Baba atajibu nini? Akikubali, amejifunza kwamba ahadi zake zinalipwa Makorora kwa unga wa mchele, na ya pili ataiacha mapema zaidi. Akikanusha, mtoto amejua kwamba mama anadanganya, tena katika jambo ambalo kwake ni kubwa kuliko Idd. Mwakani atakuwa na miaka 12. Umri huo wanajua kuhesabu pesa, na anajua nani anaamka saa kumi kuwasha jiko.

Na wewe utakuwa umejifuta. Fanya hesabu pamoja naye: kitumbua kikiwa shilingi 200, laki na nusu ni vitumbua 750, na hapo hujatoa mchele, nazi, mafuta na mkaa. Mwache aijue hiyo 750. Mnunulie kibubu atie na yeye sarafu zake, hata zisipofika nauli ya kutoka stendi ya Kange mpaka Segera. Wala usifanye hivyo kwa kumuonea huruma au kumpa deni. Safari aliyochangia ataikumbuka kwa namna nyingine, basi.

Maneno ya kumwambia ni machache, na uyaseme mapema, miezi kadhaa kabla, sio usiku wa kuamkia safari: "Baba alikuahidi. Sijui bado kama kazi itamruhusu. Lakini filamu hiyo utaiona, tutakwenda mimi na wewe kwa pesa ya vitumbua. Baba akiweza, tutakuwa watatu." Usiongeze la Tunduma, usiongeze kuugua. Akiuliza kwa nini baba hajui, mwambie amuulize baba mwenyewe. Hilo swali si lako kulijibu.

Mume wako mpigie akiwa amepaki, na mtoto asiwepo. Usimuulize "utakuja?", maana hapo "tutaona" imeshakaa tayari mdomoni. Mwambie humwombi pesa. Malori ya Zambia na Kongo yanapakia sana bandarini Dar es Salaam, na dereva huweza kukaa siku kadhaa akisubiri mzigo na makaratasi. Kwa hiyo humwombi aje Tanga wiki nzima. Unamwomba atokee kwenye sinema ya Mlimani City alasiri moja, kwa muda wa saa tatu tu, akae kwenye kiti karibu na mwanawe. Mwanaume aliyeshindwa ahadi kubwa mara nyingi anaona aibu kurudi na ndogo. Mpe hiyo ndogo wewe. Kisha mwambie siku ya mwisho ya kukupa jibu, na kwamba kama jibu ni hapana, atamwambia mtoto kwa mdomo wake mwenyewe. Siku hiyo ikifika na jibu likawa "tutaona", wewe lihesabu ni hapana na ukate tiketi mbili. Usigombane. Kiti cha tatu kikihitajika kitapatikana mlangoni.

Kuhusu tarehe nakuonya. Mume wako aliposema "wamesogeza" alikuwa anasema kweli. Filamu hiyo, Spider-Man: Beyond the Spider-Verse, ilitangazwa kwa Machi 2024. Julai 2023, waandishi na waigizaji wa Marekani wakiwa kwenye mgomo, ikaondolewa kwenye ratiba kabisa, ikakaa bila tarehe muda mrefu. Mwaka 2025 ndipo ikatajwa Juni 2027, na hata hiyo siku ya Juni imeshabadilishwa. Ni katuni zinazochorwa kwa taabu. Ile ya pili inasemekana ilipitia mikono ya wachoraji na mafundi wapatao 1,000, kila dunia imechorwa kwa mtindo wake. Kwa hiyo mtoto usimwahidi siku. Mwahidi filamu. Na usione ni lazima muwe Dar siku ya kwanza. Filamu kubwa kama hiyo hukaa kwenye majumba ya sinema wiki kadhaa, na wiki ya pili msongamano umepungua. Hiyo inakusaidia pia kumsubiri dereva wako apate mzigo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna aliyekuambia. Mwanao anamjua Miles kwa sauti ya DJ. Pale Mlimani City hakuna DJ. Ni Kiingereza mwanzo mwisho, tena Kiingereza cha vijana wa Brooklyn, cha haraka, na mama yake Miles anachanganya na Kihispania. Mtoto aliyengoja miaka minne akaingia kwenye kiti, taa zikazimwa, Miles akafungua mdomo na sauti siyo! Nimeona mtu mzima akikasirika kwa jambo dogo kuliko hilo. Nenda kwa wale vijana wa flashi, wakuingizie ya kwanza na ya pili zisizotafsiriwa, zenye maandishi ya Kiingereza chini. Azitazame hivyo mwaka huu, kidogo kidogo. Anajua tayari kila tukio, kwa hiyo maneno yatamwingia bila kamusi. Siku mwalimu wake wa Kiingereza atakapomuuliza katoa wapi, ndipo utakapomkumbusha mama mkwe lile neno lake la akili isiyo ya kawaida.

Maana akili yake ni nzima, mwanangu. Anakula, analala (akishachoka kueleza), anacheza na wenzake, shule anakwenda. Mtoto kurudia kitu anachokipenda ni kawaida ya umri wake. Kama angekuwa anakataa chakula au anawakimbia wenzake ningekuambia mengine.

Jirani yako wa kibanda umiza. Ni kweli wiki ileile atakuwa na nakala. Nakala ya siku zile mara nyingi mtu ameirekodi kwa simu ndani ya sinema: picha imepinda, kichwa cha mtu kinapita, kicheko cha watu wa nchi nyingine, rangi zote zimekuwa za matope. Mambo ya hakimiliki nayaacha kwa COSOTA, kazi yao. Mimi nazungumzia filamu ambayo utamu wake wote ni michoro. Kuiona kwa mara ya kwanza namna ile ni kumharibia. Tena kuna hatari moja: mkichelewa wiki mbili, watoto wa mtaa watakuwa wameshaiona pale kwa mia tano na watamwambia mwisho wake. Kaa na jirani yako mapema, umwombe kwa ujirani asimruhusu Mailzi kuingia mpaka arudi kutoka Dar, na Mailzi mwenyewe ajue kwamba wiki hizo haendi upande ule. Akisharudi, na DJ akishaitafsiri, hapo mpe mia tano aende. Atakuwa mtoto pekee mle ndani anayejua DJ kaongeza wapi, na kwa kadiri ninavyowajua watoto, hatanyamaza.

Mtihani. Wa kumaliza msingi huwa Septemba, filamu ni Juni ambapo kwa kawaida kuna likizo. Ugumu ni kambi, maana shule nyingi huwabakiza watoto wa darasa la saba likizo nzima wakisoma. Nenda kwa mwalimu wa darasa mwezi wa tano, kwa heshima, umwambie unaomba siku tatu na mtoto atazifidia kwa kuwahi siku nyingine zote. Siku tatu zinatosha: ya kwanza mnaondoka Kange alfajiri, ni kama kilomita 350, mchana mko stendi ya Mbezi na Kimara kwa wifi yako hapako mbali. Ya pili mnakwenda sinema. Ya tatu mnarudi. Usijaribu kwenda na kurudi bila kulala, mtoto atasinzia mbele ya Miles na hutasamehewa maisha.

Vitu vidogo, kwa kuwa hujasema kama umewahi kuingia huko. Mle ndani kuna baridi ya kiyoyozi, mbebee sweta na wewe chukua kanga ya kujifunika. Sauti ni kubwa sana mwanzoni, mwambie kabla. Ile ya pili ilikuwa dakika 140, hii nayo usitarajie fupi, kwa hiyo apite chooni kwanza hata akikataa. Vyakula vya pale vina bei ya pale. Kula kwenu mshibe ndipo mwende. Na lile boksi la sabuni aende nalo. Wakimtazama, wamtazame.

Mama mkwe wako nadhani tunalingana umri. Mkumbushe sinema ya Majestic. Sisi wa Tanga tuliokua enzi hizo tulikuwa tunaisubiri filamu ya Kihindi mpaka mkanda umalize kuzunguka miji mingine ndipo utufikie, na nyimbo tunazijua kabla hatujaiona picha yenyewe, na nguo ya kuvalia sinema imeshonwa tayari iko sandukuni. Muulize alikwenda na nani mara ya kwanza, na nani alilipa. Muulize mbele ya mjukuu wake. Hatasema tena habari za katuni, atakuwa na hadithi yake ya kumaliza.

La Tunduma umelitupia katikati ya sentensi kuhusu pesa, nami nimeliona. Nitalijibu ukiniandikia lenyewe, peke yake, bila filamu ndani. Kwa sasa usilichanganye na safari hii, wala siku ya simu usilitaje, maana ukilitaja mtazungumza hilo na mtoto atakosa jibu lake.

Amebaki yule mdogo, aliyekuwa ananyonya usiku ule wa mkeka. Huyu umwache kwa bibi yake siku hizo tatu, na umletee kitu cha kula kutoka Dar. Asikubebeshe hatia, ni mwaka wa kaka yake. Tena usimwahidi chochote, hajaomba.

Shangazi